Mstari wa Matope Ukutani

Lodwar na Kakuma ni miji ya jua kali na vumbi. Lakini mchoraji anayetaka kujifunza kuchora mvua ana mengi ya kuyatazama huko.

Mafuriko yakipita Lodwar, kuta hubaki na mstari. Haukupigwa kwa rula: unapanda kidogo penye kona, unashuka penye mlango, na rangi yake ni ya chai ya maziwa iliyopoa. Juu ya mstari ukuta ni ule ule wa jana, mweupe au wa samawati, na bei ya unga imeandikwa kwa brashi. Chini yake kila kitu kimegeuka kahawia. Siku mbili tatu baadaye jua limekausha matope yakawa magamba, mwenye duka ameyafagia hadi nje, na vumbi limeanza kutimka upya barabarani. Mstari bado upo. Wengine huupaka chokaa. Wengine huuacha, na mtoto akiuliza, huonyeshwa kwa kidole: mwaka ule, maji yalifika hapa.

Huo ni mchoro wa mvua, na maji yenyewe ndiyo yaliyouchora.

Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, hupata wastani wa takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka. Nairobi hupata zaidi ya mara nne ya kiasi hicho. Joto la mchana hucheza karibu na nyuzi 35 mwaka mzima. Kakuma, kilomita zipatazo 120 kuelekea kaskazini-magharibi kwenye barabara ya Lokichoggio, haina nafuu. Mtu angedhani kwamba mchoraji apendaye mvua na mitaa iliyolowa hana kazi huku, afunge kisanduku chake cha rangi apande basi la Kitale. Angekosea. Mji unaonyeshewa mara chache huitunza kila mvua: kwenye kuta, kwenye majina ya watu, kwenye mawe ya makaburi na kwenye karatasi za watoto.

Mvua bila tone

Mwaka 1857 mchoraji wa Kijapani Hiroshige alichora mvua ya ghafla ikilipiga daraja la Edo, mji unaoitwa Tokyo siku hizi. Mvua yake ni mistari myembamba myeusi, imeinama, mamia kwa mamia, na chini yake watu wamejikunyata wakikimbilia ng'ambo. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1887, Vincent van Gogh aliinakili picha hiyo kwa rangi za mafuta akiwa Paris, maana alitaka kujua mkono ule ulifanyaje kazi.

Mfaransa Gustave Caillebotte alishika njia nyingine. Picha yake ya mwaka 1877, iliyo katika jumba la sanaa la Art Institute mjini Chicago, inaonyesha njia panda ya Paris siku ya mvua. Ni kubwa: zaidi ya mita mbili kwenda juu na karibu mita tatu kwa upana. Mtu aitazame kutwa nzima, hataona tone moja likianguka. Kuna miavuli, kuna anga ya kijivu, na kuna mawe ya barabara yanayong'aa kwa unyevu. Watazamaji wanajua kuwa mvua inanyesha kwa sababu kila kitu kingine kinawaambia.

Turkana inamfaa mchoraji wa namna ya pili. Tena inamdai zaidi, kwa kuwa Caillebotte alikuwa na mawe yaliyolowa mbele yake. Wa Lodwar ana kilichobaki baada ya mawe kukauka.

Hata vifaa vyake vitamfundisha hivyo. Anayetumia rangi za maji kwenye joto hilo hugusa karatasi kwa brashi iliyoshiba, na kabla mkono haujarudi pale ulipoanzia, ukingo wa rangi umekwisha kukauka. Kila mwenye kazi hii anajua kwamba tone la rangi likikauka, rangi hukimbilia pembeni na kuacha duara lenye ukingo mkali kuliko katikati. Mstari wa matope ukutani ni ukingo wa namna hiyo hiyo. Ukingo wa laga, ule mto wa mchanga usio na maji kwa miezi, ni vivyo hivyo. Nchi nzima inaonekana kama karatasi iliyopakwa maji mengi mara moja, kisha ikaachwa juani.

Dalili ya mvua

Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Turkana methali hiyo haitoshi. Mto Turkwel unaopita Lodwar huanza mbali sana, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako huitwa Suam, na tangu 1991 maji yake ya juu huzuiwa na bwawa lenye ukuta wa mita 153. Tarach, laga inayoikata Kakuma, huteremka kutoka upande wa Karamoja, Uganda. Kwa hiyo anga ya Kakuma inaweza kuwa safi kama sahani iliyooshwa, mbuzi wamelala mchangani, na maji yakaja. Mvua imenyesha kwa watu wengine, na laga ndiyo imeleta habari.

Kinachokuja kwanza ni ulimi wa povu, vijiti na kinyesi cha mifugo, ukilamba mchanga kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nyuma yake maji ya kahawia hupanda upesi. Huko Lodwar, laga ya Kawalase inayopita kando ya mji hukaa kavu miezi mingi hadi watu wakaizoea kuwa njia ya miguu, kisha siku moja hudai nafasi yake pamoja na nyumba zilizojengwa karibu nayo. Baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua kukosekana, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, ukame uliua mifugo kwa wingi kaskazini mwa Kenya. Mwishoni mwa 2023 El Niño ikaleta mafuriko. Familia zilizokuwa zimepoteza mifugo kwa kiu zikajikuta, muda mfupi baadaye, zikiokoa magodoro kutoka majini.

Ndiyo sababu mvua huku haichorwi kuwa kitu cha upole tu. Kwa Waturkana, Akuj ni jina la Mungu, na wazee wakiomba humwomba mvua. Akiru ni mvua. Binti aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Akiru, mvulana huitwa Lokiru, na majina hayo yapo shuleni, sokoni, kwenye orodha za wapiga kura. Mji ambao hauna mvua leo una kina Akiru na Lokiru wakipita kila mtaa, kila mmoja akibeba mawingu ya siku yake. Ukame nao una majina. Ule wa karibu na mwaka 1980, uliofagia mifugo boma baada ya boma, huitwa Lopiar, jina lenye maana ya kufagia. Mchoraji anayeketi na wazee chini ya mgunga hupewa kalenda nzima ya maji kabla hajafungua daftari.

Macho yake nayo hupewa kazi. Mikoma hupanga mstari wa kijani kando ya Turkwel, na majani yake husukwa vikapu. Mathenge, mti ulioletwa kuzuia jangwa ukageuka msumbufu, huonyesha kwa ukijani wake mahali ambako unyevu umejificha chini. Mitungi ya manjano ya lita 20 husimama kwenye foleni ya bomba muda mrefu kuliko watu wenyewe. Juu ya kilima cha mji sanamu ya Kristo Mfalme inatazama mabati yanayometa saa sita, na kwa mbali mmeto huo unaweza kudhaniwa kuwa maji.

Turubai

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili vinavyokutana Kakuma. Turubai ni kitambaa kigumu ambacho mchoraji hukikaza kwenye fremu apake rangi. Turubai ni lile pia ambalo mkimbizi hupewa siku anapofika, alitandaze juu ya miti apate kivuli. 

Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992. Miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo walikuwa maelfu ya wavulana kutoka kusini mwa Sudani, waliotembea hadi Ethiopia, kisha mwaka 1991 wakalazimika kukimbia tena serikali ya huko ilipoanguka. Mbele yao ulikuwa Mto Gilo, umefurika. Wengi hawakujua kuogelea. Nyuma kulikuwa na risasi, majini kulikuwa na mamba. Waliovuka walitembea tena, wakaingia Kenya kupitia Lokichoggio, wakafikishwa mahali ambapo mto wake hauna maji.

Jambo hilo ni zito kwa mtoto. Amepoteza ndugu mtoni, sasa analala kando ya mto wa mchanga. Akipewa karatasi na kalamu za rangi, atachora nini?

Jibu limehifadhiwa kwa sehemu. Mwaka 1994 Sybella Wilkes alitoa kitabu One Day We Had to Run!, kilichokusanya masimulizi na picha za watoto wakimbizi wa Sudani, Somalia na Ethiopia waliokuwa Kenya. Kitabu hicho kiliwaacha watoto hao wasimulie wenyewe, kwa mkono wao na rangi zao. Hawakuwa wanafunzi wa chuo cha sanaa. Walikuwa watu wenye jambo la kusema ambalo maneno yalikuwa hayajalifikia, na karatasi ikalipokea.

Tangu wakati huo Kakuma imekua. Pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa miaka ya katikati ya 2010, ina watu zaidi ya robo milioni, na sasa imepewa hadhi ya manispaa. Ni mji, hata kama ramani nyingi zilichelewa kukubali. Kuna mikahawa ya Wasomali, kuna harufu ya kahawa ya Kihabeshi ikikaangwa, kuna mafundi cherehani wa Kikongo, na kuna mabango yaliyochorwa kwa mkono juu ya milango ya mabati: kichwa kilichonyolewa cha kinyozi, simu, sahani ya wali, kuku. Wachoraji wa mabango hayo ndio wanaoupa mtaa rangi. Vumbi hupausha kazi yao kila kiangazi, nao huirudia.

Kila jamii imekuja na maji yake. Aliyetoka Malakal anakumbuka Naili Nyeupe na Sobat. Msomali wa kusini anakumbuka Juba na Shebelle. Anayezungumza Kiswahili cha Uvira au Fizi amelelewa akisikia mawimbi ya Ziwa Tanganyika, na Mrundi vivyo hivyo. Wote wanapanga foleni kwenye bomba moja. Kumbukumbu za maji zinazokaa katika mitaa hiyo michache zingetosha kujaza ramani ya Afrika Mashariki na Kati, na mchoraji akiwauliza majirani kumi tu wamchoree mto wa utotoni, atarudi na mito kumi.

Nguzo za ziwa lililorudi nyuma

Kuyachora maji yaliyoondoka hakukuanza na wakimbizi. Kwenye barabara ya kutoka Lodwar kwenda Kalokol, kando tu ya lami, zimesimama nguzo 19 za jiwe jeusi la basalti. Waturkana huziita Namoratunga, na hadithi husema walikuwa watu waliogeuzwa mawe. Kusini zaidi, Lothagam, kuna nyingine za aina hiyo. Uchunguzi ulioongozwa na Elisabeth Hildebrand na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba Lothagam ni makaburi ya wafugaji wa takriban miaka 5,000 iliyopita, yenye watu wasiopungua 580, wazee kwa watoto, wanawake kwa wanaume, bila dalili ya tabaka la wakubwa. Wengi walizikwa na mapambo: shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na vito vya mawe ya samawati na kijani, rangi ambayo mtu huiona leo akifika ufukweni na kulitazama ziwa.

Wakati ule Ziwa Turkana lilikuwa likikauka. Maelfu ya miaka kabla yake, mvua zilipokuwa nyingi, kina chake kilikuwa juu kuliko leo kwa makumi ya mita, na watu wa kingoni walivua kwa chusa za mfupa. Kisha mvua zikapungua na maji yakarudi nyuma, kizazi baada ya kizazi. Katika mabadiliko hayo watu walibeba basalti, wakasimamisha nguzo, wakawaweka wafu wao pamoja mahali pamoja. Hatujui waliambiana nini. Tunaona walichokifanya: ziwa lilipokuwa likihama, wao walisimamisha kitu kisichohama.

Kalokol ina kumbusho jingine la ziwa, changa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilijengwa hapo kiwanda cha samaki kwa msaada wa Norway. Miaka michache baadaye Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa ikitoa samaki hao, ikakauka. Na miaka ya karibuni ziwa limepanda tena, likameza fukwe na miti ya kandokando. Mchoraji akisimama hapo ana pande zote za habari mbele yake: mawe ya waliolipoteza ziwa, kuta za waliolitegemea, na mashina ya miti yaliyosimama ndani ya maji.

Mto chini ya Kakuma

Zamani hizo za mvua nyingi, Ziwa Turkana lilijaa likafurika. Lilimwagikia kaskazini-magharibi, likapita uwanda wa Lotikipi ulio kaskazini mwa Kakuma, likaingia mito ya Pibor na Sobat, na kwa njia hiyo likafika Naili. Sangara, samaki wa Naili, huishi Ziwa Turkana hadi leo bila kupandikizwa na mtu, ushahidi wenye mapezi wa udugu huo wa maji. Mvulana aliyekimbia kutoka bonde la Sobat mwaka 1987 akaishia Kakuma alikuwa, bila kujua, amepanda kinyumenyume njia ambayo maji ya nchi hii yaliteremka zamani.

Uwanda huo huo ulirudi katika habari mwezi Septemba 2013, serikali ya Kenya na UNESCO zilipotangaza kwamba chini yake kuna hifadhi kubwa ya maji. Magazeti yaliandika kuhusu mwisho wa kiu. Baadaye majaribio ya visima yakaonyesha chumvi nyingi mno kwa kunywa. Watu wa Turkana walirudi kwenye visima vyao vya mchangani, huku wakijua kwamba bahari ndogo ya chumvi imelala chini ya miguu ya ng'ombe.

Tarach nayo ina hadithi yake, ya zamani kuliko kambi. Waturkana na ndugu zao Wajie wa Uganda husimulia juu ya mwanamke aitwaye Nayeche, aliyeondoka kwao wakati wa njaa akafuata laga hiyo kuelekea mashariki akichuma matunda ya mwituni. Fahali wa kijivu, Engiro, akapotea akaenda njia ile ile. Vijana walipofuata nyayo zake walimkuta fahali, wakamkuta mama, wakaiona nchi yenye malisho, na wakabaki. Kwa simulizi hiyo, Waturkana walianza kwa mtu mmoja mwenye njaa akitembea kando ya mto mkavu kuelekea mahali asipopajua. Waliofika Kakuma mwaka 1992 walikuwa hivyo hivyo, kwenye mto ule ule.

Hilo ndilo linalofanya picha za miji hii kuwa na thamani isiyopimwa kwa bei ya fremu. Mwenyeji na mgeni hugombana mara nyingine kuhusu kuni, kazi na ardhi, na magomvi hayo ni ya kweli. Lakini wana kumbukumbu moja ya maji, na picha inaweza kuionyesha kwa haraka kuliko mkutano.

Picha hizo zinahitaji kutunzwa. Karatasi Kakuma ina maadui wengi: mchwa, jua, upepo, na mvua yenyewe inapovuja kwenye paa. Daftari la michoro huondoka na mwenyewe anapopata ndege ya kwenda nchi ya mbali, au huachwa kwenye sanduku la bati. Huko Theresienstadt, ghetto ya Wanazi, mwalimu wa sanaa Friedl Dicker-Brandeis aliwafundisha watoto kuchora, na kabla ya kupelekwa Auschwitz mwaka 1944 alificha masanduku mawili yenye michoro yao ipatayo 4,500. Leo imo Makumbusho ya Kiyahudi ya Prague, na watoto ambao wengi wao hawakurudi wana majina kwa sababu ya masanduku hayo. Kakuma imekuwapo zaidi ya miaka thelathini. Michoro ya watoto wake inastahili chumba kikavu na ukuta wa kudumu, hapo Kakuma au Lodwar, ambapo mtoto wa Akiru na mtoto wa aliyevuka Gilo wataweza kuitazama wakiwa bega kwa bega.

Jioni, jua likilegea, wanawake huteremka Tarach na mitungi. Huchimba mchanga kwa mikono na kopo hadi shimo lifike kiunoni, kisha husubiri maji yajikusanye chini. Mchanga unaotupwa nje ni mweusi kuliko wote unaouzunguka, kahawia nzito yenye kung'aa kidogo. Mchoraji anayeitaka rangi hiyo lazima awe amekwisha kuichanganya kabla hajafika, maana hudumu dakika chache tu. Pembeni mwa rundo hupauka kwanza, kisha juu, na mwisho rundo zima huwa mchanga kama mchanga mwingine. Ndani ya shimo kopo limeteremka tena, na mkono unaolipandisha unamwaga nje konzi nyingine, nyeusi, mbichi.